Nilipata homa leba: je, nimeiharibu kinga ya mwanangu?

Shikamoo Bi Mkunga,

Nakuandikia saa nane usiku, mtoto kanilalia kifuani. Ndio wakati pekee ninaoweza kushika simu bila mtu kuuliza nasoma nini.

Mwanangu ana wiki nane. Nilimzaa mimba ikiwa na wiki 34. Chupa ilipasuka siku mbili kabla, maji yakawa yanavuja kidogo kidogo, mimi nikadhani ni mkojo unanipita. Nilipofika hospitali nilikuwa na homa ya 38.6, moyo unanienda mbio, na maji yameanza kunuka. Nikawekewa dripu ya antibayotiki, na usiku uleule akazaliwa, kilo 2.1. Alilia vizuri, lakini walimpeleka wodi ya watoto wachanga akachomwa sindano siku saba. Damu yake waliyoiotesha maabara haikuota mdudu yeyote, ila daktari alisema kipimo kimoja kiko juu, kinaonyesha mwili wake "ulikuwa vitani". Kwenye karatasi ya ruhusa wameandika korioamnionaitisi. Hakuna aliyenieleza maana yake. Nililitafuta neno hilo mwenyewe mtandaoni, na tangu hapo sijalala.

Nimesoma kwamba mama akipata mchochota mwilini akiwa na mimba, kinga ya mtoto inaharibika: atakuwa mtu wa kuuguaugua, pumu, mzio, hata usonji. Na kuna jambo limenikaa rohoni. Mimba ikiwa na miezi mitano niliambiwa nina UTI, nikapewa vidonge vya siku saba. Vilikuwa vinanitapisha, nikaviacha siku ya tatu kwa kuwa maumivu yalishakwisha. Wifi yangu anajua, tulikuwa tunaishi naye. Juzi alisema mbele ya mama mkwe kwamba mtoto "hana kinga kwa sababu mama yake ni mvivu wa dawa", na kwamba chanjo ya wiki hii tuisogeze mbele mpaka apate nguvu. Mume wangu alinyamaza, lakini kesho yake alirudi na chupa ya shurubati iliyoandikwa kuwa inaongeza kinga kwa watoto. Nimeionja, ni tamu na nzito.

Mtoto ananyonya vizuri, anakojoa, na sasa ana kilo 3.7. Nimemharibu? Chanjo tusubiri? Na hiyo chupa nimpe?

Mama Asiyelala

JIBU

Marahaba mwanangu.

Naanza na chanjo kwa sababu ina tarehe: mpeleke wiki hii, usisogeze hata siku. Sababu yake ni ndefu kidogo na nitaifikia, lakini endapo mtoto ataamka kabla hujamaliza kusoma, angalau hilo umeshalipata.

Sasa tuje kwenye neno lililokunyima usingizi. Mchochota, ule ambao madaktari wengine wanauita inflamesheni, unaujua tangu utoto. Ukichomwa na mwiba, mahali pale panavimba, panakuwa pekundu, panapata joto, panauma. Mwiba haukuleta joto lile. Limeletwa na kinga yako: chembe za damu zimemkuta mgeni, zikamwaga kemikali za kuitana zinazoitwa saitokaini, mishipa ikapanuka, wenzao wakafika. Na mimba yenyewe inaanza na mchochota. Yai linapojipandikiza ukutani mwa mfuko wa uzazi, panakuwa na mchochota kidogo pale. Baadaye inafuata miezi ya utulivu, kisha mwishoni unarudi tena, kwa sababu uchungu wa kuzaa nao unasukumwa na kemikali zilezile. Kwa hiyo anayekuambia kwamba mchochota wowote katika mimba ni sumu kwa mtoto hajui mimba zinavyokwenda. Shida inakuja unapowaka kupita kiasi, mahali pasipo pake, au kabla ya wakati.

Kwako uliwaka kabla ya wakati. Korioamnionaitisi ni mchochota wa zile ngozi mbili nyembamba zinazomfunika mtoto pamoja na maji yake. Mara nyingi bakteria wanapanda kutoka ukeni, na miongoni mwao wamo wale wanaoitwa ureaplasma, ambao wanawake wengi wazima tu wanaishi nao bila kujua. Wakati mwingine chupa inapasuka kwanza, bakteria wakapata njia. Wakati mwingine wanatangulia wao, wanailegeza ngozi polepole, ndipo chupa inapasuka. Ukishafika hospitali una homa na maji yananuka, hakuna mtu anayeweza kusema kwa uhakika kipi kilitangulia. Wifi yako naye hawezi.

Kuhusu vidonge ulivyoviacha, sitakudanganya. Ulikosea. UTI isiyotibiwa vizuri katika mimba inaweza kupanda mpaka kwenye figo, na inahusishwa na kuzaa kabla ya wakati. Dawa ikikutapisha unarudi kwa aliyekupa akubadilishie, huiachi. Lakini kutoka hapo mpaka kusema vidonge vya siku zilizobaki ndivyo vilivyomzaa mtoto mapema ni mruko mkubwa. Ilikuwa mwezi wa tano, chupa ikapasuka miezi karibu mitatu baadaye. Uhusiano kati ya maambukizi na kuzaa mapema haujanyooka hivyo. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti mkubwa ambamo wajawazito wenye ugonjwa wa fizi walitibiwa fizi zao wakiwa na mimba, kwa matumaini kwamba mchochota ukipungua kinywani watazaa kwa wakati. Fizi zilipata nafuu. Uzazi wa mapema haukupungua kwa kiasi cha maana. Na wale walitibiwa kweli, mwanangu.

Turudi kwa mtoto. Akiwa tumboni, mtoto anayameza maji yaliyomzunguka na kuyavuta mapafuni. Maji yakiwa na bakteria au mabaki yao, ngozi yake, utumbo wake na mapafu yake vinayagusa moja kwa moja. Kile kipimo kilichokuwa juu naamini ni CRP, au ndugu yake. Hiyo ni protini inayotengenezwa na ini pale mchochota unapopanda, na ya mama haivuki kondo la nyuma kwa kiasi cha kuhesabika. Maana yake ilitoka kwenye ini la mwanao mwenyewe. Wifi yako anasema mtoto hana kinga, na karatasi ya hospitali inasema kinga yake ilikuwa kazini akiwa na kilo mbili.

Hata hivyo kinga ya mtoto mchanga si ya mtu mzima iliyopunguzwa ukubwa. Imeumbwa iwe na subira. Nusu ya asili ya mtoto ni ya baba, yaani kwa miezi tisa yeye ni mgeni ndani ya mwili wa mama, na seli za mama nazo zinavuka kuingia kwa mtoto. Kama kila mmoja angempiga mwenzake, hakuna mimba ingefika. Kwa hiyo mtoto anazaliwa na chembe nyingi za kutuliza, na saitokaini kali za vita anazitoa kwa uchache. Subira hiyo inamsaidia pia kuwapokea bakteria wema wanaohamia utumboni siku za kwanza bila kuwageuza kila mmoja kuwa adui. Gharama yake ni kwamba adui wa kweli akiingia, anachelewa kuonekana. Ndiyo maana watoto wachanga wanazidiwa haraka, na ndiyo maana wako alichomwa sindano siku saba ingawa damu haikuota kitu. Antibayotiki uliyopewa wewe kabla hajazaliwa inaweza kuwaua bakteria kiasi kwamba maabara hawaoti, na hakuna daktari mwenye akili atakayengoja uthibitisho.

Je, mchochota ukimfikia mtoto aliye katika hali hiyo, unabadilisha kitu? Ndiyo, unabadilisha. Neno ulilolikuta mtandaoni, "kuharibu", ndilo nisilokubaliana nalo.

Watafiti wamewahi kuweka mabaki ya bakteria kwenye maji ya uzazi ya kondoo wenye mimba. Mapafu ya wanakondoo yalikomaa mapema kuliko kawaida. Chembe zao za damu za ulinzi zilikomaa pia, lakini mabaki yale yalipowekwa tena na tena zikawa baridi, zikawa haziitiki kama mwanzo. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha kazi nyingine ya panya. Wajawazito waliambukizwa bakteria kwa maambukizi mepesi, ya kupita tu. Saitokaini moja ya mama, intaleukini-6, ilitosha kuacha alama kwenye utumbo wa watoto: walipokua walikuwa na chembe nyingi zaidi za ulinzi wa utumbo. Walipopewa salmonela, bakteria wa kuharisha, waliihimili vizuri kuliko wenzao. Ila utumbo wao huohuo ulikuwa mwepesi zaidi wa kuwaka mchochota wenyewe. Ukisoma nusu ya kwanza peke yake utashangilia, ukisoma ya pili peke yake utalia, na waandishi wengi wa mtandaoni wameishia kwenye nusu moja. Mimi naona kinga ilipata somo mapema kuliko ratiba, likaiegemeza upande. Halafu hao ni panya na kondoo, waliowekewa kitu kwa kipimo na siku iliyopangwa. Mwanao ni mtu, na antibayotiki ilikuingia kabla hata hajatoka.

Kwa watu, hatari iliyo dhahiri ni ile ya siku za mwanzo: maambukizi ya damu, mapafu, na ubongo kwa wale wadogo sana. Hiyo wako ameshaivuka. Kuhusu kifua, watoto njiti kwa jumla wanapata zaidi mlio wa filimbi wakishikwa na mafua, na zipo tafiti zinazoihusisha korioamnionaitisi na hilo. Hivyo moshi wa aina yoyote usimkaribie, wa sigara ukiwa wa kwanza. Kuhusu usonji, uhusiano umeonekana pale yanapohesabiwa makundi makubwa ya akina mama waliougua vibaya wakiwa wajawazito, na hata katika makundi hayo walio wengi sana wamezaa watoto wasio na usonji. Huwezi kuichukua hesabu ya kundi ukaibandika usoni kwa mtoto wa wiki nane anayenyonya.

Sasa nafika pale ambapo mwanao kweli alipunjwa, na huko mchochota haukuwa mhusika mkuu. Ni zile wiki alizokosa.

Wakati wa mimba mama anamhamishia mtoto kingamwili zake kupitia kondo la nyuma. Zinazovuka ni aina moja, zinaitwa IgG: kumbukumbu ya kila ugonjwa ulioupata na kila chanjo uliyochomwa. Hazivuki kwa mwendo mmoja. Mwanzoni ni kidogo mno. Kufikia kati ya wiki ya 28 na ya 32 mtoto anakuwa na kama nusu ya kiwango chako. Wiki za mwisho ndipo mzigo mkubwa unapopita, hata mtoto aliyefikisha miezi tisa mara nyingi anazaliwa akiwa nazo nyingi kuliko mama yake. Wako aliondoka wiki ya 34, shehena ya mwisho ikiwa bado iko kwako.

Na hizo alizochukua haziongezeki, ni akiba inayoliwa. IgG inapungua nusu kila baada ya wiki tatu hivi. Piga hesabu nami: wiki ya tatu ilibaki nusu, wiki ya sita ikabaki robo. Leo ana wiki nane, yuko chini ya robo ya kitu ambacho tangu mwanzo hakikuwa kamili. Za kwake mwenyewe ndiyo kwanza anaanza kuzitengeneza, na itamchukua miezi kabla hazijawa za kutegemea. Wifi yako anataka mtoto apate nguvu kwanza ndipo achanjwe, wakati nguvu anayoisubiri inapungua kila usiku unaokwenda. Kwa mtoto njiti chanjo zinahesabiwa kutoka siku aliyozaliwa, si kutoka siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Akiwa mzima na anaongezeka uzito kama wako, hakuna cha kungojea. Anaweza kupata joto kidogo na kulialia siku moja au mbili. Kabla hajachomwa mwonyeshe mhudumu ile karatasi ya ruhusa, mwambie: wiki 34, kilo 2.1, antibayotiki siku saba. Na kama wewe una ugonjwa wowote uliotumia dawa za kushusha kinga wakati wa mimba, mwambie pia, kwa kuwa zipo dawa za namna hiyo zinazovuka kwa mtoto na kulazimisha chanjo zenye vijidudu hai zicheleweshwe. Hukuitaja, nadhani huna. Nyinyi wakubwa mnaomzunguka nanyi angalieni chanjo zenu, hasa ya kifaduro. Wifi akitaka kumlinda mtoto, aanzie kwenye mkono wake mwenyewe.

Kile kinachoziba pengo kwa sasa unacho. Maziwa yako yana kingamwili za aina nyingine, IgA, ambazo haziingii kwenye damu. Zinapaka koo na utumbo, zinawazuia wadudu wasishike. Yana pia chembe hai za kinga, na sukari maalumu ambazo mtoto hazimeng'enyi kabisa, chakula cha bakteria wema wa utumboni. Baada ya siku saba za antibayotiki utumbo wake unawahitaji hao kuliko mtoto mwingine. Endelea kumnyonyesha bila kumchanganyia kitu mpaka miezi sita. Na hivyo unavyomlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, endelea navyo: kwa watoto waliozaliwa na uzito mdogo imeonekana kupunguza maambukizi. Kumbe hata hiyo saa nane ya usiku umekuwa ukimtibu bila kujua.

Shurubati usimpe. Mtoto wa wiki nane hatakiwi kumeza kitu kingine, sembuse sukari nzito. Halafu fikiria: hofu yako ni kwamba kinga yake iliwashwa kupita kiasi, na dawa uliyoletewa inajisifu kuiwasha zaidi. Hata yeye aliyeibandika lebo hawezi kukuambia anaongeza chembe ipi. Ila kama daktari ameandika matone ya madini ya chuma au vitamini D kwa sababu ni njiti, hayo ni mambo mengine, mpe kama alivyoandika. Antibayotiki nazo usimpe kwa kubahatisha eti kwa kuwa "alishawahi kuambukizwa".

Yapo mambo ambayo ukiyaona huandikii safu, unakimbia naye hospitali saa hiyohiyo: amekataa kunyonya au ananyonya kwa uvivu usio wake, joto la kwapani limefika 37.5 au zaidi, au limeshuka chini ya 35.5, mbavu zinazama anapovuta hewa, degedege, analegea na hajitikisi mpaka aguswe. Hesabu pumzi akiwa ametulia, kwa dakika moja nzima huku ukitazama saa. Zikifika 60, nenda. Akishatimiza miezi miwili, nenda zikifika 50. Na mtoto mdogo mara nyingine anaugua bila kupata joto, kwa hiyo kunyonya ndiyo kipimo chako cha kwanza kuliko hata kipimajoto. Joto dogo la baada ya chanjo halitishi kama ananyonya na kuchangamka, lakini akiacha kunyonya, usijiambie ni chanjo.

Mimba nyingine ikija, wasimulie yote haya mapema, siku ya kwanza kliniki. Mkojo upimwe, hata kama hauumi, na ukipewa dawa uimalize kisha upimwe tena. Ukivuja usiulize mtu: mkojo unaweza kuubana ukakoma, maji ya chupa hayabaniki. Weka pedi, ukiona inalowa tena na tena, nenda siku hiyohiyo. Na usijizimie mchochota mwenyewe kwa ibuprofeni na jamaa zake. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba kuanzia wiki ya 20 zinaweza kuzidhuru figo za mtoto na kupunguza maji yake.

Mumeo hakukutetea, hilo nimeliona, na sidhani ni kwa ubaya. Mwanaume asiyejua la kusema mara nyingi anaenda kununua kitu. Msomee aya ya kingamwili, ile ya nusu na robo, mfanye hesabu pamoja. Halafu wiki hii akubebee mfuko mwende wote kuchanja, na mama mkwe akitaka kujua mbona hamkungoja, yeye ndiye amjibu. Ile chupa nayo mrudishie. Kama alikonunua hawaipokei, basi ainywe mwenyewe.

Bi Mkunga